Wiki tatu za kumtafuta Bohm

Wiki tatu nzima niliamini nimekosea hesabu. Kila nikikokotoa wimbi dogo la sumakuumeme linalosafiri sambamba na uga sumaku ndani ya plazma ya kwanta (gesi ya chembe zenye chaji, zilizosongamana hadi zikatenda kama mawimbi), neno la Bohm linafutika, yaani ile sehemu ya mlinganyo yenye jina la mwanafizikia David Bohm. Nikabadilisha daftari, nikabadilisha vizio, usiku mmoja nikaanza upya kabisa. Likafutika tena.

Na ndilo nililokuwa nimelifuata! Elektroni zikisongamana mno, kama ndani ya nyota kibete nyeupe, ambako sentimita 1 ya ujazo huweza kufikia tani 1 hivi, huwezi tena kuzihesabu kama punje zilizotengana. Mawimbi yao ya kimaada yanapandana. Kwa hiyo milinganyo ya kawaida ya plazma huongezewa mambo mawili: shinikizo la Fermi, msukumo wa elektroni zilizobanwa pamoja, ambalo halihitaji joto, na nguvu ya Bohm, inayopinga elektroni kurundikana ghafla mahali padogo.

Siku niliyoacha aljebra nikachora picha, ndipo nilipocheka. Wimbi likifuata uga, umeme wake unazisukuma elektroni pembeni tu, zinazunguka duara. Haziendi mbele wala nyuma kwenye njia ya wimbi, basi hazirundikani popote. Fermi na Bohm, wote wawili, hula mrundikano. Usipokuwepo, hawana kazi. Mlinganyo wa mwendelezo, unaofuatilia elektroni zinavyorundikana au kutawanyika, ule wa kwanza ambao huwa naunakili bila hata kuutazama, ulikuwa umeniambia tangu mwanzo.

Sasa geuza wimbi lipite kwa kuukata uga, umeme wake nao ukiukata uga huohuo. Nguvu ya sumaku inaupinda mwendo, elektroni zinaanza kusogea mbele na nyuma, na Bohm huyo anatokea, akikua kwa kipeo cha nne kadiri urefu wa wimbi unavyopungua. Umeme ukilala sambamba na uga, anapotea tena. (Aliyeniambia kwamba kwanta hubadilisha kila kitu, tutaonana.)

Kwenye ile njia sambamba imebaki spini, tabia ya kikwanta inayoipa elektroni usumaku wake. Kila elektroni ni kisumaku, na uga wa wimbi unaitikisa, mrundikano uwepo usiwepo. Nimeanza kuiingiza. Kurasa 4 zimejaa, na kuna alama moja ya kutoa kwenye ukurasa wa pili ambayo bado siiamini.