Siku yangu ya kazi Moshi, wiki chache kabla ya masika

Mimi ni fundi wa kutunza nyumba na bustani. Saa kumi na mbili asubuhi guta, lile la magurudumu matatu la kubebea mizigo, limeshapakiwa: ngazi, panga, msumeno, mkasi wa kukatia ua, ndoo, kamba, silikoni na mfuko wa misumari ya bati. Dogo ninayefanya naye kazi ananikuta hapo Pasua, tunaondoka. Ni mwisho wa Februari. Masika ya huku ni Machi mpaka Mei, na Aprili ndiyo inayomwaga kweli kweli, kwa hiyo wiki hizi simu yangu hailali. Wengi wakituona na ngazi wanadhani tunakwenda kufagia majani. Naomba leo ufuatane nasi.

Saa moja tuko Soweto. Ua wa michongoma, nyasi, samadi kwenye migomba. Saa tatu tumemaliza, tumelipwa, tumeaga.

Saa tatu na nusu, Shanty Town, kwa mama mmoja mstaafu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba. Ingieni mnipimie bati, nijue nanunua ngapi.”

Dari ya sebule ina doa la kahawia, refu, limefuata ukuta. Fundi aliyetangulia kamwambia bati la upande mzima limeoza. Nikatazama lile doa. Bati likitoboka, mara nyingi doa huwa huku na huku, si mstari ulionyooka. Hili lilikuwa pembeni kabisa, sambamba na gata, yaani mfereji wa ukingoni mwa paa unaopokea maji ya mvua. Nikamwomba nipande nikaangalie kwanza.

“Sijakuita uzibue majani. Nimekuita upime bati.”

Nikamweleza taratibu. Akampigia mwanawe aliyeko Dar es Salaam. Mwana akasema tusubiri, yuko kikaoni, atapiga. Tukasubiri. Dogo amekaa kwenye ndoo, mimi nimesimama kivulini, jua linapanda, na nyumba ya tatu inanipigia kuuliza tumefika wapi. Fundi analipwa kwa kazi iliyokwisha. Saa nzima ya kusubiri langoni hailipwi na mtu, na hakuna anayeihesabu isipokuwa wewe mwenyewe. Simu ilipokuja, mwana akasema, “Waache wapande, lakini wasibomoe kitu.”

Nikaegemeza ngazi, kila futi 4 kwenda juu mguu wake futi 1 kutoka ukutani, dogo akashika chini. Nyuma ya nyumba kuna mjakaranda mkubwa. Majani yake ni madogo sana, yanapita kila mahali, na yakilowa yanashikamana. Ndani ya gata palikuwa na tope jeusi limejaa hadi ukingoni, na juu ya tope mche wa mpapai umeota, mizizi imeshuka hadi kwenye tundu la bomba la kushushia maji. Nikaomba ndoo ya maji, nikamwomba na mama asogee aone. Nikamimina. Maji hayakwenda popote. Yalipanda, yakapita ukingo wa nyuma, yakateremkia kwenye fisha bodi, ubao unaoshikilia gata, na kuingia ndani, palepale penye doa.

Mama akanyamaza. Nikang’oa mpapai, nikazoa tope kwa mikono ndoo baada ya ndoo, nikazibua bomba kwa waya. Nikamimina tena: maji yakatoka chini kwa kishindo. Bati lenyewe lilikuwa zima. Mipira ya misumari michache tu ndiyo iliyokauka kwa jua ikapasuka.

Ndipo akasema, “Kumbe ni majani tu! Sasa elfu sitini unayodai ni ya nini?”

Neno hilo “tu” ndilo linalochosha kuliko ngazi. Nikamhesabia: vishikio vya gata vimelegea, lazima nivipandishe upya ili maji yaelekee kwenye bomba, misumari ibadilishwe, tawi linalolala juu ya bati likatwe, la sivyo mwakani atatuita tena. Na mabati aliyotaka kuyanunua yangemla fedha nyingi, kisha Aprili dari ingelowa vilevile. Akatoa elfu arobaini na tano, nyingine baada ya mvua ya kwanza. Nikakubali, ila ilinikera na bado inanikera.

Tawi lenyewe lilikula muda. Kwanza unalifunga kamba. Unakata kidogo kwa chini, kisha unasogea mbele unakata kwa juu, linakatika bila kuchana gome hadi shinani, ndipo unarudi kuondoa kisiki kilichobaki. Anayeparamia kwa panga anauacha mti na kidonda kinachoingiza maji na mchwa.

Chakula nimekula nimesimama. Mchana wote ukawa upande wa Rau: mtaro uliojaa taka za jirani, chemba ya maji taka ambayo mfuniko wake umepasuka na ingejaa maji ya mvua siku ya kwanza, tangi la kuoshwa. Nyuma ya banda kulikuwa na tairi kuukuu lenye maji, limejaa viluwiluwi; hao wiki moja au mbili wameshakuwa mbu. Tulilimwaga, tukalitoboa. Mwenye nyumba akataka pia tukate mgrevilea uliogusa waya wa umeme. Huo sikuugusa, hata aliponiongezea dau. Nikamwambia apige TANESCO, wao ndio wa kuzima laini. Alinuna, nami sikubadili neno.

Jua limezama bado tunajaza toroli. Mabega yanauma, vidole havinyooki vizuri. Nikamlipa dogo chake kwanza, kisha nikajibu simu zilizonisubiri, nyingi zikiuliza kama naweza kwenda “wiki ijayo hivi”. Nimewaambia wote siku ni kesho au keshokutwa, maana mvua ikianza bati linateleza na sipandi. Kesho saa moja tuko Majengo, kuna gata inayomwagia jirani.