Siku moja na wasomaji wa gazeti la chuo

Saa 12:30 asubuhi

Gazeti la wanafunzi hutoka Alhamisi, na kila Alhamisi nafika maktaba kabla ya milango kufunguliwa. Nahesabu nakala zilizo rafuni kabla hazijaguswa: leo ni 120. Naandika tarehe, saa, idadi na hali ya hewa. Mvua ikinyesha watu hujibanza mlangoni, na aliyesimama bila kazi huchukua gazeti. Mengine huishia kuwa mwavuli.

Jioni nitarudi kuhesabu zilizobaki. Wanaouza matangazo huchukua tofauti ya namba hizo mbili na kuiita "wasomaji". Nilipoanza utafiti huu na mimi niliita hivyo hivyo. Siku hizi naandika "zilizochukuliwa", basi.

Saa 2:00

Natayarisha chumba cha mahojiano. Meza ni ndogo, viti viwili vimewekwa upande mmoja ili tutazame ukurasa pamoja. Kinasa sauti, fomu ya ridhaa, kalamu nyekundu, na toleo la wiki iliyopita ambalo halina alama yoyote.

Njia ninayotumia ni ya zamani. George Gallup, yule ambaye jina lake limebaki kwenye kura za maoni, alikuwa mhariri wa The Daily Iowan, gazeti la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani. Baadaye, mwaka 1928, alipata udaktari wake hapo hapo kwa tasnifu kuhusu namna ya kupima usomaji wa magazeti. Hakutaka kumuuliza mtu "wewe husoma nini?" na kuridhika na jibu. Alitaka msomaji apitishwe kwenye gazeti zima, ukurasa kwa ukurasa, aonyeshe alichosoma na alichoruka. Sishangai kwamba wazo hilo lilimjia mtu aliyepitia chumba cha habari cha chuo. Ukishakesha kupanga kurasa, halafu asubuhi ukaona watu wanapita nazo kwapani, swali la nani anasoma nini halikuachi tena.

Saa 3:15

Mshiriki wa leo ni binti wa mwaka wa pili. Kwenye hojaji alijaza kwamba habari ya ukurasa wa mbele huisoma "kila mara" na tahariri "mara nyingi". Simlaumu. Karibu kila mtu hujaza hivyo, kwa sababu mbele ya mtafiti msomaji hutaka kuonekana msomaji.

"Mwalimu, nianze wapi?"

"Pale ulipoanzia siku ile."

Akaligeuza gazeti, akaanza na ukurasa wa mwisho. Chemshabongo: alijaribu. Matokeo ya michezo: aliangalia jina la kitivo chake tu. Ukurasa wa mbele, wenye habari ndefu ya uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, alisoma kichwa na maelezo ya picha. Tahariri hakuiona kabisa. "Kumbe hukaa hapa?" akauliza, na kweli alikuwa anauliza.

Tukafika ukurasa wa sita, kwenye barua za wasomaji. Kidole chake kikasimama kwenye barua ya chini kabisa, pembeni, iliyopangwa kwa herufi ndogo ili itoshee. Aliyeiandika ni mwanafunzi anayerudia mwaka. Anaeleza jinsi anavyochagua kiti cha nyuma ili wale waliokuwa nyuma yake darasa moja wasimwone akiingia.

"Hii niliisoma mara tatu," akasema. "Kaka yangu naye anarudia mwaka, chuo kingine. Tangu matokeo yatoke alikuwa hapokei simu zangu. Nikaipiga picha, nikamtumia. Usiku ule ule akanipigia."

Fomu yangu ina visanduku vitatu: hakuona, aliona, alisoma. Niliweka alama kwenye cha tatu, kisha nikaandika pembeni maneno yake yote, kwa sababu hakuna kisanduku kinachoyatosha. Kaka yake naye ni msomaji wa gazeti hili. Hajawahi kukanyaga kwenye rafu yetu.

Saa 5:00

Natafuta wasiosoma. Ni kazi ngumu kuliko zote, maana ukikaa karibu na rafu unakutana na wale wanaochukua tu, na sampuli inapinda tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo natoka na orodha ya namba za usajili zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Kati ya wanne niliowaendea leo, wawili wamekubali.

Saa 8:00 mchana

Kikao na wahariri. Wanataka kufuta ukurasa wa barua kwa sababu kwenye tovuti haubofywi sana. Niliwasomea yale maneno ya asubuhi, bila kumtaja binti wala kutoa dalili ya kumtambua. Nikawaambia pia kwamba mtu mmoja si ushahidi wa umma mzima, lakini wengi niliokaa nao walisimama kwenye barua. Kubofya hakuoni picha iliyotumwa kwa simu.

Mhariri mkuu akanibana, na akanibana vizuri: "Kwa hiyo tukifuata wasomaji, habari za uchunguzi tuziache?"

Hapana, na nilimjibu kwa nguvu. Mwaka 2023 rais wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marc Tessier-Lavigne, alitangaza kujiuzulu baada ya uchunguzi kuhusu tafiti zake. Maswali kuhusu tafiti hizo yalikuwa yameandikwa na Theo Baker, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, katika The Stanford Daily. Habari kama hiyo lazima iandikwe hata wakiisoma wachache. Kazi ya utafiti wangu ni kuwaonyesha mahali msomaji anapoiacha: aya ya tatu, hasa pale majina ya kamati yanapoanza kufuatana. Hilo linarekebishika. Tulitumia nusu saa nzima kwenye aya hiyo moja.

Saa 10:00

Kunakili sauti na kupanga majibu kwenye jedwali. Kazi ya kimya.

Wiki ya mitihani inakaribia na gazeti halitatoka, nami naisubiri kwa hamu. Mwaka 1945 wasambazaji wa magazeti wa New York waligoma, na mtafiti Bernard Berelson akautumia mgomo ule kuwauliza watu wanakosa nini hasa. Ripoti yake ilichapishwa mwaka 1949. Wengi walisema wanakosa habari muhimu za dunia, ila walipoulizwa habari ipi, wachache waliweza kuitaja. Kilichowauma ni kukatika kwa mazoea. Na mimi nitauliza gazeti likiwa halipo.

Saa 12:00 jioni

Rafuni zimebaki 31. Nimeziandika.

Kwenye benchi la nje kuna nakala imeachwa, imekunjwa mara mbili. Nikaikunjua. Chemshabongo imejazwa nusu kwa wino wa buluu, mwandiko wa kulala, na nusu iliyobaki kwa penseli, herufi kubwa za kusimama. Neno moja la buluu limekatwa, likasahihishwa kwa penseli. Nakala nimeirudisha benchini ilivyokuwa.