Pedali ya Breki Inapokuwa Ngumu
Gari lenye pedali ngumu ya breki halifai kuteremka milima ya Kabale. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka ikaze, kisha uishikilie kwa mguu huku ukiwasha injini: ikizama kidogo, busta, yaani kifaa kinachouongezea nguvu mguu wako unapokanyaga breki, inafanya kazi; isiposogea, chunguza busta pamoja na mpira unaoiletea mvuto wa hewa. Mimi huanza na mpira, kwa kuwa bei yake ni ndogo na ufa hujificha karibu na klemu, ambapo hewa inayofyonzwa husikika ikilia. Tafadhali usinunue busta kabla ya kupuliza valvu yake kwa mdomo, kwani valvu nzima hupitisha hewa upande mmoja tu, kuelekea injini.