Usiku wa piko Ngamiani

Mdogo wangu aliolewa mwaka 2009, na usiku wa kuamkia harusi nyumba yetu pale Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani, mjini Tanga, ilijaa wanawake mpaka uani. Wengine walichambua mchele, wengine walikuna nazi, na waliokuja kula tu walijifanya wanatandika mikeka. Sisi wachache tulikuwa chumbani na bi harusi, akichorwa piko miguuni.

Mchoraji alikuwa Bi Mpemba. Ana jina lake, lakini Ngamiani ukisema Bi Mpemba wa piko, hata mwendesha baiskeli atakufikisha mlangoni bila kuuliza mara mbili. Alivuka kutoka Wete angali msichana, akafanya kazi, akajenga, na kwenye nyumba hiyo akaishi na shoga yake. Pwani mwanamke kumwita mwenzake shoga hakuna anayegeuka kutazama; neno hilo huwa tusi likielekezwa kwa mwanamume. Lakini Bi Mpemba hakuwa na mume, hakuwa akitafuta mume, na hakuwahi kumkopa mtu hela. Nadhani hilo la mwisho ndilo lililowakera zaidi.

Jirani mmoja, mama wa makamo asiyejua kufunga mdomo, akachungulia mlangoni. Mguu wa mdogo wangu ulikuwa juu ya paja la Bi Mpemba.

"Jamani, mwangalieni huyo mtoto," akasema kwa sauti ya kufika jikoni. "Msije mkamwacha msagaji akammaliza kabla bwana hajafika."

Mbuzi za nazi zikanyamaza. Mama akaanza, "Astaghfirullah, maneno gani hayo mbele ya bi harusi?" Bi Mpemba hakuinua kichwa. Alilimaliza jani alilokuwa akilichora, akafuta ncha ya kijiti, ndipo akajibu:

"Kama una mahindi, yalete. Nasaga kwa bei nafuu, na pumba namrudishia mwenyewe."

Nyumba nzima iliangua kicheko. Yule mama naye akacheka, maana asingecheka angekuwa yeye ndiye mwenye pumba, kisha akarudi kwenye mchele wake.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa mtoto wa mama mkubwa, aliyekuja kutoka London kwa ajili ya harusi. Nilijua anaishi na nani kule. Mama mkubwa alijua "anapanga na rafiki". Watu walipopungua akamsogelea Bi Mpemba, akamwambia amefanya kile hasa walichofanya wenzao wa ng'ambo: kulinyang'anya tusi na kulifanya lao. Akatusimulia habari za Dykes on Bikes, wanawake wa San Francisco wanaoongoza kwa pikipiki maandamano ya kila mwaka ya wapenzi wa jinsia moja tangu 1976. Hilo neno la kwanza ni tusi kabisa kwa Kiingereza, sawa na lile la jirani, na yeye mwenyewe amewahi kurushiwa na wasiomjua akiwa kituo cha basi. Wanawake hao walipotaka kusajili jina lao, ofisi ya serikali ya Marekani iliwakatalia kwamba neno linadhalilisha. Linamdhalilisha nani, wakauliza, ikiwa wenye kudhalilishwa ndio sisi tunaoliomba? Wakapeleka ushahidi wa wataalamu wa lugha, na mwaka 2005 ofisi ikabadili uamuzi.

Halafu akaongeza kisa cha Lesbos, kile kisiwa cha Ugiriki ambacho jina la lesbiani limetokana nacho. Mwaka uliotangulia, 2008, wakazi watatu wa huko walikwenda mahakamani Athens kutaka chama cha wapenzi wa jinsia moja cha Ugiriki kizuiwe kulitumia jina hilo, wakashindwa. Bi Mpemba, mtu wa kisiwani, alicheka hadi akaweka kijiti chini. "Masikini! Hata sisi Wapemba na uchawi wote tunaosingiziwa, hatujaenda mahakamani."

Alipotulia akamtazama binamu yangu usoni.

"Sikiliza, mwanangu. Hao wa pikipiki serikali yao imewapa karatasi. Karatasi ya kwetu unaijua?"

Alikuwa akisema habari ya Zanzibar, ambako mwaka 2004 sheria ya adhabu ilirekebishwa ikawataja na wanawake wanaofanya mapenzi na wanawake wenzao, kifungo hadi miaka 5. Alisikia redioni akiwa anapika, na redioni neno lilikuwa lile lile la jirani.

"Mimi nimecheka ili mguu huu umalizike. Ningesimama nigombane, piko lingechuruzika, na kesho mtaa mzima ungesema bi harusi ana nuksi. Lakini hilo neno halilali kwangu. Shoga yangu akilitamka, hata kwa mzaha, siku hiyo chai atajipikia."

Pembeni alikuwepo msichana wa nyumba ya pili, mcheza mpira, nywele fupi, suruali siku zote. Akasema yeye wakimwita jikedume anaitika, na wenzake wa timu humwita hivyo kwa kumsifu.

"Itika," Bi Mpemba akamwambia. "Jikedume ni suruali, ni mpira, ni kubeba gunia mwenyewe. Hilo lingine mtu yuko barabarani lakini kesha kufungulia mlango wa chumbani kwako, na watu wote wanachungulia."

Binamu yangu hakukubali. Alisema tusi likiachwa mikononi mwa wanaotukana halitapoa, na kwamba yeye na marafiki zake waliitana lile la Kiingereza mezani mpaka likawa kama jina la nyumbani. Walibishana mpaka piko likakauka, na hakuna aliyemgeuza mwenzake. Mimi nilielemea upande wa Bi Mpemba. Binamu yangu angepanda ndege wiki ile ile. Mwingine angebaki kupishana na yule jirani kila asubuhi akienda sokoni Mgandini. Lakini sikumwona binamu yangu kuwa mjinga hata kidogo. Nilimwona mtu aliyezoea kuwa na wenzake wengi mezani.

Asubuhi, nikiwa napanga sahani za ubwabwa, yule mama jirani akaja na miguu imeoshwa, anataka maua madogo na yeye. Akaketi, akanyoosha mguu pale pale ulipokuwa mguu wa bi harusi.

"Jana nilikuwa nakutania," akasema.

"Najua. Kaza mguu."

Alimchora maua mazuri, bila kuharakisha, kisha akamtajia bei ya bi harusi. Yule mama akafungua fundo la kanga akatoa zote, wala hakuomba kupunguziwa.