Duster yangu ya 1973 imeingia sekunde 12, na siri haikuwa kwenye injini

Naandika nikiwa na furaha kwa kweli. Duster yangu, ile Plymouth ya zamani ya Kimarekani, imekimbia robo maili, yaani zile mita 402, kwa sekunde 12.9 pale Texas Motorplex, Ennis. Hii ndo gari ambayo karibu kila mtu hapa Dallas aliniambia niuze kama skrepa au niiwekee injini ya maelfu ya dola. Naeleza nilichofanya kwa sababu kuna vijana wetu wa Kibongo na Kikenya huku wanapewa ushauri uleule mbovu niliopewa mimi na inaniuma kuona wanamaliza hela.

Watu wakiwaza V8 za Kimarekani za zamani wanawaza Charger, Challenger, Camaro, na bei zake siku hizi ni za kununulia kiwanja Kigamboni. Duster haina jina hilo. Plymouth walichukua Valiant wakaiwekea bodi mpya ya nyuma, ikatoka kama modeli ya 1970, bei rahisi na nyepesi, kilo 1,400 na kitu. Kwa mtu wa bajeti uzito mdogo ni pesa ya bure. Yangu niliipata kwa mzee mmoja maeneo ya Waxahachie kwa dola elfu tatu na ushee, kutu kiasi, na injini yake ya V8 ya 318, yaani inchi za ujazo, ilikuwa imechoka.

Injini nyingine nikafungua mwenyewe kwenye yadi ya skrepa, V8 ya lita 5.9 iitwayo Magnum ya pikapu ya Dodge Ram ya miaka ya 90, dola mia tano hivi pamoja na vikorokoro. Kutoa injini na kuweka nyingine sielezi, hiyo inajulikana. Ila angalia silinda hedi za Magnum kabla hujalipa, zina ugonjwa wa kupasuka katikati ya valvu mbili. Na usisahau 5.9, ambayo wenyewe wanaiita 360, imebalansiwa kwa nje tofauti na 318, ukiifungia flekspleti ya 318 (ile sahani inayounganisha injini na gia boksi) hivyohivyo itatetemeka mpaka iue beringi. Nikaweka kamshafti ya wastani, manifoldi ya kabureta, kabureta ya mtumba. Gia boksi nikabaki na ileile. Pesa nzito ilienda nyuma, difu ilikuwa na uwiano wa 2.76 wa kusafiria, nikaweka 3.91 ya kuondokea kwa kasi, na difu ya kubana iitwayo Sure-Grip ili tairi zote mbili zivute.

Sasa nikaenda uwanjani. Sekunde 13.7. Nyuma inarukaruka kama inataka kung'oka, tairi zinazunguka bure, moshi mwingi na watu wanashangilia, lakini gari haiendi. Hapo ndo washauri wakaja! Mmoja kabureta kubwa zaidi, mwingine kasema bana wewe weka naitrasi, ile gesi ya kuongeza nguvu, fundi wa gereji fulani akanipigia hesabu ya silinda hedi mpya inayozidi bei niliyonunulia gari. Wote wanasema ongeza farasi, yaani nguvu za injini. Jamani, tairi imeshindwa kushika farasi waliopo, unaongeza wengine wa nini? Nilichukua karatasi ya muda wanayokupa uwanjani nikaiangalia vizuri, futi 60 za kwanza, mita 18 hivi, nilikuwa natumia sekunde 2.3. Kule ndo muda ulikuwa unapotelea, na kila sehemu ya kumi ya sekunde unayookoa hapo mwanzo inakurudishia sehemu za kumi moja na nusu au hata mbili kule mwisho.

Duster nyuma ina springi za majani kama Fuso. Ukikanyaga mafuta, ekseli inataka kujipinda, pua ya difu inapanda juu, springi upande wa mbele inajikunja kama herufi S halafu inajiachia, ndo ule mrukoruko. Dawa yake niliijua tangu nyumbani kwa kuwaangalia mafundi springi wanavyoongeza jani kwenye malori, isipokuwa mimi sikuongeza jani zima. Nilichukua springi ya mtumba, nikakata jani nikabakiza nusu ya mbele tu, kuanzia kidogo nyuma ya tundu la boliti ya katikati mpaka karibu na jicho la mbele, nikalipachika chini ya mengine. Kata kwa grainda taratibu huku unapoza, usitumie gesi na usichomelee kamwe, chuma cha springi kikipata moto kinakufa. Nusu ya mbele nikaibana kwa klampu za kutosha, nusu ya nyuma nikatoa klampu zote majani yajiachie. Basi mbele inakuwa ngumu, ekseli haijipindi tena, inasukuma bodi juu na kukandamiza tairi chini. Gharama ilikuwa dola sitini, sabini hivi. Upande wa kulia niliweka jani nene kuliko kushoto kwa sababu mzunguko wa propela unainua tairi ya kulia, na betri nayo nikaihamishia kwenye buti upande huohuo. Ukihamisha betri sheria za NHRA, chama cha mbio hizi Marekani, zinataka swichi ya kukata umeme kwa nje nyuma, usiiruke, waokoaji wanaitegemea hiyo.

Upepo wa tairi nilitafuta kwa chaki. Paka chaki kwenye tairi upana wote, sogeza gari kidogo, angalia imefutika wapi. Ikifutika katikati tu punguza. Mimi nimeishia karibu 18 psi.

Niliporudi gari iliondoka imetulia kabisa, pua juu, bila moshi. Futi 60 ikasoma 1.8, mwisho 12.9 kwa maili 104 kwa saa, na injini sijaigusa hata boliti. Helmeti lazima ukishuka 13.99, roli baa, ile fremu ya chuma ya kumlinda dereva gari ikipinduka, mpaka ufike 11.49, kwa hiyo muda huu haukulazimishi gharama ya roli baa.

Wenye Mustang na Nova za zamani zenye springi za majani jaribuni, kanuni ni hiyohiyo. Malibu ya mwisho wa miaka ya 70 ina koili nyuma, pale ugomvi uko kwenye mikono inayoshika ekseli na bushi zake, anzeni na bushi.