Siku moja kwenye dirisha la methadoni

Saa kumi na moja alfajiri niko macho, chai naimalizia nimesimama afu nawahi mwendokasi. Mimi ni nesi kwenye kliniki ya methadoni hapa Dar, dawa ya kunywa wanayopewa waliozoea heroini ili waiache, na kwetu hamna Jumapili wala Idi, maana walio wengi wanakunywa dozi yao kila siku na wanainywa hapahapa mbele yetu.

Saa kumi na mbili na nusu nafika nakuta wameshajipanga ukutani, wengine wametembea toka mbali nauli hawana. Mtaani wanaitwa mateja, sisi tunawaita kwa majina yao.

Saa moja dirisha linafunguliwa. Kazi yangu ni kumcheki mtu kabla hajafika kwa mfamasia, macho yakoje, anaongeaje, kama kalewa simpitishi kwasababu methadoni juu ya pombe inaweza kuzima pumzi kabisa. Akifika dirishani anapewa kikombe kidogo cha plastiki, anameza, anawekewa maji kwenye kikombe hichohicho anasuuza anameza tena, afu lazima aongee. "Asante sista." Hapo ndo tunajua imeshuka, haijabaki mdomoni ikauzwe huko nje.

Saa tatu kuna kijana kaanza dawa za TB wiki mbili zilizopita, leo kaja na arosto, yani mwili unadai dawa, makamasi, miayo, vinyweleo vimesimama, anasema dozi haifiki hata jioni. Mwenzangu akadhani anatafuta kuongezewa tu. Hapana jamani, rifampisini, moja ya hizo dawa za TB, inafanya ini liiondoe methadoni haraka, kwahiyo dozi ileile haimtoshi tena. Daktari kampandisha kidogo, kesho tunamwangalia.

Saa nne na nusu kaja mama wa mgonjwa wetu, kanga imelowa jasho, kazunguka vituo viwili vya polisi. Mwanae alikamatwa Jumatatu alfajiri akiwa njiani kuja kunywa, alikua na kete moja ya heroini mfukoni. Leo Alhamisi, yani siku tatu kavu. Hapa ndo roho yangu inapouma, maana sheria ya 2015 iliyoanzisha Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inamkamata mwenye kete hata moja, na Mamlaka hiyohiyo inahangaika hawa watu watibiwe, huko juu wanaelewana vizuri tu ila askari wa doria saa kumi na moja alfajiri anaona teja basi. Na siku tatu sio mchezo, mwili unaanza kupoteza mazoea, hatuwezi tena kumpa miligramu 90 zake kama zilivyokua, na akitoka selo akapiga kiasi alichozoea zamani tunaweza kumzika.

Nimepiga simu kituoni mara nne. Ya nne afande wa zamu kaniambia, "Sawa sista, nitamleta."

Saa nane na dakika kumi kaletwa na pingu. Mikono inatetemeka kiasi kwamba kikombe hakishikiki, askari kamfungua mkono mmoja, mama yake kakishikilia kwa chini. Daktari kaandika 45. Kameza, kasuuza, kameza, "asante sista" haikusikika mara ya kwanza nikamwambia rudia mwanangu.

Askari kaniuliza, "Kwani si mnampa madawa mengine tu?" Nikakaa nae kwenye benchi nikamweleza kua hii inamtuliza siku nzima bila kumlewesha, anaweza kwenda kibaruani, hajidungi, haibi simu ya mtu, na Muhimbili walianza toka 2011. Alisikiliza kweli, hata simu yake ilivyoita hakupokea.

Saa kumi tunafunga hesabu. Iliyobaki kwenye chupa inapimwa, inaandikwa, inafungiwa, maana methadoni nayo inabanwa na sheria hiyohiyo.

Afande kaondoka na namba ya kliniki kaiandika kwenye kiganja. Kesho dirisha linafunguliwa saa moja, jina la kijana aliyeletwa na pingu nimeshaliweka kwenye daftari, mstari wa kwanza.