Mahame ya Sekenke kwa filamu nyeusi na nyeupe: nilipofikia

Picha za mgodi wa zamani wa dhahabu wa Sekenke, kule Iramba, zimeanza kunipa nilichokuwa nakitafuta. Mgodi huu ulichimbwa tangu enzi za Mjerumani. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa vitani na meli za kwao hazifiki tena, walifyatua sarafu za dhahabu za rupia 15 kwenye karakana ya reli Tabora, upande mmoja zina tembo. Dhahabu yake ilitoka Sekenke. Ukishajua hilo, marundo yale ya mawe huyapiti tu kama kifusi.

Kazi kubwa imekuwa kwenye filta, kioo cha rangi kinachovishwa mbele ya lenzi. Kila mpiga picha za nje hukimbilia filta nyekundu, maana hulifanya anga la buluu kuwa jeusi tii. Lakini udongo wa huku ni mwekundu, na filta hiyo huung'arisha mpaka ulingane na mawe meupe ya kwatzi. Rundo zima linapotea ardhini. Nimehamia filta ya kijani: udongo unatulia gizani, kila jiwe linasimama peke yake, na kutu kwenye bolti za misingi ya zege inaonekana nzito kama ilivyo. Anga sasa limepauka, nami naridhika. Somo langu liko chini.

Midomo ya mashimo naipiga kwa mbali, kwa lenzi ndefu. Mzee mmoja wa Shelui aliyenisindikiza alinishika mkono: "Hapo juu pamekaza, mwanangu, chini ni pango." Nikamwambia, "Nimekusikia, babu," nikarudi nyuma.

Jua la mchana halina huruma: mawe yanawaka, ndani ya shimo ni giza. Kwa hiyo filamu ya ISO 400 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kushika mwanga) naipima kama 200 ili vivuli vipate mwanga wa kutosha, kisha wakati wa kusafisha napunguza muda kwa karibu asilimia 20 ili weupe usiungue. Nasafishia nyumbani Dodoma. Maji ya bomba hapa ni ya moto kuliko nyuzi 20 zinazotakiwa, hivyo chupa za dawa hukaa kwenye beseni la barafu, kipimajoto kikiwa ndani.

Kinachofuata ni misingi ya mitambo, asubuhi mapema, kwa filamu ya ISO 125 na stendi. Nataka alama za mbao zilizobaki kwenye zege zionekane moja moja.